Askofu Edward Steere na Watoto wa Kiungani: Maisha, Kazi na Suala la Kuhifadhi Historia ya Shule

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili mjini Bungoma anapofunua kamusi kutafuta maana ya neno, aghalabu hatambui kwamba ameshika ncha ya uzi mrefu. Kamusi nyingi za karne ya 20 zina deni kwa kamusi za Frederick Johnson zilizotolewa katika miaka ya 1930. Johnson naye aliijenga kamusi yake ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939 juu ya kamusi ya Arthur Cornwallis Madan iliyotoka mwaka 1903. Madan alikuwa mmisionari aliyefanya kazi Kiungani, kisiwani Unguja, katika shule ya watoto waliookolewa utumwani. Na kabla ya Madan, msamiati na sarufi ya Kiunguja vilikwisha kukusanywa na mtu ambaye maisha yake na maisha ya shule hiyo hayatenganishiki. Mtu huyo ni Askofu Edward Steere.

Uzi wa pili unaanzia Kitale. Wenyeji wa mji huo husimulia kwamba klabu yake kongwe ilijengwa mahali palipokuwa kituo cha misafara ya watumwa, ambapo mateka walikusanywa kabla ya kuanza safari ndefu ya kwenda pwani. Kwa hiyo, yaliyowapata waliofikishwa pwani si habari ya Wazanzibari peke yao. Ni habari ya bara pia, kuanzia nyika za Mlima Elgon hadi kingo za Ziwa Nyasa.

Makala haya yanaeleza maisha ya Steere kwa kuyahusisha na shule hiyo ya hisani. Hoja yake ni kwamba jina la mwalimu limehifadhiwa vizuri, kaburi lake lajulikana na vitabu vyake vyatajwa vyuoni, ilhali watoto waliosoma kwake na kumsaidia kuijua lugha wamesahauliwa karibu wote. Historia ya shule inayomkumbuka mwalimu na kuwasahau wanafunzi ni historia nusu.

Kuzaliwa na Elimu

Edward Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Baba yake alikuwa mwanasheria, naye kijana alifuata njia hiyohiyo. Alisoma katika Chuo Kikuu cha London, akapata shahada yake ya kwanza mwaka 1847 na kufikia shahada ya udaktari wa sheria mwaka 1850, akiwa na umri wa miaka 22. Mwaka huohuo alikubaliwa kuwa wakili. Mtu aliyemtazama wakati ule angemtabiria maisha ya mahakamani na starehe ya wasomi wa mji mkuu.

Hata hivyo, London ya ujana wake ilikuwa na sura mbili. Katika enzi ya Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901, viwanda viliongezeka na utajiri ukafurika, lakini maelfu ya watoto wa maskini walizurura mitaani bila viatu wala chakula cha kutosha. Watu wa hisani walianzisha shule za bure kwa ajili ya watoto hao waliovaa matambara, ambao shule nyingine hazikuwataka kwa sababu ya uchafu na uchakavu wa nguo zao. Mwaka 1844 shule hizo ziliunda umoja wao. Watoto walifundishwa kusoma, kuandika, kuhesabu, dini, na mara nyingi kazi ya mikono. Ni mwaka 1870 tu ndipo bunge la Uingereza lilipopitisha sheria iliyoweka msingi wa elimu ya umma kwa watoto wote. Fikra kwamba mtoto asiye na kitu huokolewa kwa kitabu, dini na ufundi ilikuwa fikra ya zama zile, na ndiyo fikra ambayo wamisionari walivuka nayo bahari.

Steere aliiacha sheria na kuingia katika utumishi wa Kanisa la Anglikana. Aliwekwa kuwa shemasi mwaka 1856, na miaka miwili baadaye akawa kasisi. Alitumikia Devon, kisha Lincolnshire, miongoni mwa wakulima na wavuvi. Alimwoa Mary Beatrice Brown mwaka 1858, na mwaka 1862 alipewa parokia ndogo ya Little Steeping. Pamoja na usomi wake wote, Steere alikuwa mtu wa mikono. Alijua kupiga chapa, na ujuzi huo ulikuja kuwa na manufaa makubwa kuliko vyeti vyake vya sheria.

Kuingia Afrika

Mwaka 1857 David Livingstone alihutubia Chuo Kikuu cha Cambridge na kuwahimiza vijana wa vyuo waende Afrika. Kutokana na wito huo iliundwa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa ajili ya Afrika ya Kati. Kundi la kwanza, likiongozwa na Askofu Charles Mackenzie, lilikwenda bonde la Mto Shire. Vita, njaa na homa viliwamaliza, na Mackenzie mwenyewe akafa Januari 1862. Mrithi wake, Askofu William Tozer, alikuwa rafiki wa Steere kutoka Lincolnshire. Steere aliombwa amsindikize kwa muda mfupi tu, naye akakubali. Mkewe alibaki Uingereza.

Walifika Shire mwaka 1863 na kuona kwamba makao yale hayawezekani. Mwaka 1864 Tozer alifanya uamuzi uliolaumiwa sana na Livingstone: aliihamishia misheni Zanzibar. Walitia nanga Unguja mwishoni mwa Agosti 1864. Kisiwa kilikuwa chini ya Sultani Majid bin Said, na soko la watumwa lilikuwa likiendelea mjini mchana kweupe.

Shule ilianza kwa ajali ya bahari. Sultani alikamata jahazi lililobeba watumwa kinyume cha amri yake, na wavulana watano waliokuwemo akawapa wamisionari. Watoto hao hawakuwa na lugha moja, hawakuwa na ndugu, wala hawakujua kwamba wageni hawa wapya wangewafanyia nini. Hao watano ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza. Miongoni mwao walikuwa John Swedi na George Farajallah, majina ambayo nusu yake ni ya ubatizo na nusu ni ya pwani. Majina waliyopewa na mama zao hayakuingia katika umaarufu wa shule.

Mwanafunzi wa Lugha

Steere aligundua upesi kwamba hawezi kufundisha asichoweza kusema. Wakati ule Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walikwisha kufanya utafiti mkubwa juu ya Kiswahili, lakini wao waliegemea Kimvita na mazingira ya Mombasa na Rabai. Steere alihitaji lugha ya Unguja. Basi akawa mwanafunzi. Aliwasikiliza wasomi wa mji, wafanyabiashara, wapishi na vijana waliojua kusimulia. Mmoja wa wasimulizi wake alikuwa Hamisi wa Kayi, kijana Mswahili aliyesifika kwa usemaji bora.

Nyumba ya misheni nayo ilikuwa darasa la aina yake. Kadiri meli za Uingereza zilivyokamata majahazi, ndivyo watoto walivyoongezeka: Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo. Kiswahili kilikuwa lugha yao ya pili wote, na kwa hiyo kikawa lugha yao ya pamoja. Katika kisiwa chenye watu kutoka kila upande wa bara, Steere aliweza kuandaa mikusanyo ya lugha za Kishambala, Kiyao na Kinyamwezi, ingawa Unyanyembe yenyewe hakuwa amefika. Bara lilikuwa limemjia, likiwa limefungwa minyororo.

Mtambo wa kuchapia uliwekwa, na wavulana wakafundishwa kupanga herufi za risasi. Hivyo watoto ambao miezi michache awali walikuwa bidhaa wakawa miongoni mwa wachapaji wa mwanzo wa Kiswahili katika Afrika Mashariki. Matunda ya kazi hiyo yalionekana mwaka 1870. Mwaka huo Steere alitoa kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kama kisemwavyo Unguja, pamoja na mkusanyo wa hadithi za Kiswahili ambamo mna kisa cha punda wa dobi, hadithi ya Sultani Darai na habari za Liongo. Hadithi hizo zilichapwa kwa Kiswahili na Kiingereza, ukurasa mmoja ukielekeana na mwingine. Mwaka 1878 alitoa mazoezi ya Kiswahili kwa wanaoanza.

Ni haki kutaja pia upande wa pili wa sarafu. Waswahili walikuwa wakiandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya Steere kuzaliwa. Vitabu vyake vilitumia herufi za Kirumi, na kwa kufanya hivyo vilisaidia kuitenga elimu mpya na elimu ya madrasa. Wataalamu wengi wamelijadili jambo hili kama hasara kwa fasihi andishi ya pwani. Lakini hata katika hilo wanafunzi hawakuwa watu wa kupokea tu. Dallington Maftaa, kijana aliyelelewa na misheni hiyo, alisafiri na Stanley hadi Buganda mwaka 1875, akabaki katika kasri ya Kabaka Mutesa kama msomaji na mwandishi. Mtoto wa shule ya hisani alikuwa amekuwa mwalimu wa wafalme.

Kiungani, Mbweni na Mkunazini

Shamba la Kiungani, kusini ya mji, lilinunuliwa mwaka 1866, na shule ya wavulana ikahamia huko. Steere alirudi Uingereza mwaka 1868 na kukaa katika parokia yake, huku moyo ukiwa Unguja. Aliporejea mwaka 1872 alikuta misheni imepigwa mapigo mawili. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kilikuwa kimeua watu wengi sana kisiwani, na katika mwaka 1870 George Farajallah naye alifariki. Kisha tufani ya Aprili 1872 iliangusha mikarafuu na majengo, Kiungani ikiwemo. Tozer alikuwa amechoka na kuugua, akajiuzulu mwaka uliofuata.

Mwezi Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia sahihi mkataba uliofunga masoko ya watumwa. Misheni ikapata kiwanja cha soko la Mkunazini, sehemu yake ikiwa ni zawadi ya mfanyabiashara Mhindi, Jairam Senji. Siku ya Krismasi ya 1873 jiwe la msingi la kanisa liliwekwa pale ambapo binadamu walikuwa wakipigiwa bei. Steere aliwekwa kuwa askofu mwezi Agosti 1874 huko Westminster, kisha akarudi kuusimamia ujenzi yeye mwenyewe, akichanganya chokaa na mawe ya matumbawe pamoja na mafundi. Kanisa hilo lilifunguliwa kwa ibada Krismasi ya 1879. Mwaka huohuo John Swedi, mmoja wa wale watano wa jahazini, alipewa daraja ya ushemasi.

Wasichana nao walihamishiwa Mbweni, ambako misheni ilikuwa na shamba jingine na kijiji cha watu waliokombolewa. Mwaka 1877 aliwasili Caroline Thackeray, binamu wa mwandishi wa riwaya William Makepeace Thackeray, akaiongoza Shule ya Mtakatifu Maria kwa karibu robo karne. Alibaki Mbweni hadi alipofariki mwaka 1926. Huko Masasi, kusini mwa Tanzania ya leo, Steere aliwapeleka watu waliokombolewa mwaka 1876 ili waanzishe makazi karibu na nchi walizotoka. Safari za bara zilimdhoofisha, lakini kila aliporudi aliketi tena mezani kutafsiri Agano Jipya.

Alifariki Zanzibar mwezi Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga. Wiki chache baadaye Masasi ilivamiwa na Wangoni na baadhi ya watu wake wakatekwa tena. Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka 1891. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utotoni na kusoma Kiungani, alikuwa amewekwa kuwa kasisi, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufikia daraja hilo. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Lahaja hiyo isingekuwa tayari kwa kazi ile kama isingekuwa imekwisha kupata sarufi, kamusi na vitabu vya kusomea.

Shule Imebaki Wapi?

Mwaka 1887 Madan alifanya jambo lililo adimu. Aliwaomba wavulana wa Kiungani waandike habari za makwao na za kutekwa kwao. Waliandika kwa Kiswahili: nyumba zao, vita vilivyowatoa, kuuzwa kutoka mkono hadi mkono, bahari waliyoiona mara ya kwanza wakiwa wamefungwa. Madan alizitafsiri habari hizo na kuzichapisha London kwa Kiingereza. Kwa hiyo, mojawapo ya maandishi ya kwanza ya nathari yaliyoandikwa kwa Kiswahili na watoto wa bara kuhusu maisha yao wenyewe husomwa ulimwenguni kwa lugha ambayo hawakuyaandikia.

Chuo cha Kiungani kilihamia Minaki, karibu na Dar es Salaam, katika miaka ya 1920. Majengo ya Mbweni yaliachwa yakawa magofu, na baadaye magofu hayo yakawa sehemu ya bustani ya hoteli. Sehemu kubwa ya nyaraka za misheni imehifadhiwa Oxford. Mkunazini ndiko kulikobahatika. Sanamu za mateka watano waliosimama shimoni ziliwekwa kando ya kanisa mwaka 1998, na Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. London kwenyewe, majengo ambamo Thomas Barnardo aliwafundisha watoto wa maskini kuanzia 1877 yaliokolewa na wakazi wa mtaa yasibomolewe, yakafunguliwa kuwa makavazi mwaka 1990, na watoto wa leo wakaketishwa kwenye madawati ya kale ili wajue wenzao walisomaje.

Tofauti kati ya London na Mbweni si ya fedha peke yake. Wakazi wa mtaa ule walidai kumbukumbu ya shule iliyokuwa mtaani mwao. Watoto wa Kiungani walikuwa wametenganishwa na koo zao. Nani angedai kwa niaba yao? Jambo hili Mbukusu wa Bungoma hulielewa bila kufafanuliwa. Kwa Babukusu rika za tohara ni nane, zikifuatana na kurudi tena baada ya takriban karne moja, hata mtu akitaja rika lake amekwisha kutaja zama zake na wenzake. Mtoto aliyechukuliwa kabla ya kupata rika amechukuliwa na kutoka katika kalenda ya watu wake. Daftari la shule ndilo lililobaki kuwa rika lake. Likipotea, amepotea mara ya pili.

Hitimisho

Maisha ya Edward Steere yanaonyesha mtu mwenye bidii isiyo ya kawaida, aliyeacha sheria akashika mwiko wa mwashi na herufi za mchapaji, na aliyekubali kuwa mwanafunzi mbele ya watu ambao zama zake ziliwaona duni. Yanaonyesha pia mipaka ya hisani ya enzi ya Victoria, iliyompa mtoto chakula, kitabu na jina jipya, bila kumwuliza sana juu ya jina la zamani.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili funzo liko karibu. Makavazi ya Kitale yalianza kama mkusanyo wa mtu mmoja, Kanali Hugh Stoneham, mwaka 1926. Alipofariki mwaka 1966 aliuachia umma mkusanyo huo, na mwaka 1974 makavazi yakafunguliwa kwa wananchi wote. Ikiwa vipepeo na ndege waliokaushwa waliweza kuhifadhiwa kwa uangalifu kiasi hicho, madaftari ya watoto yanastahili zaidi. Kamusinga, Lugulu, Kibabii na shule nyingine za misheni zina orodha za wanafunzi, picha na barua ambazo mchwa hawasubiri kamati, na zina wazee waliosoma humo ambao wangali wanaweza kusimulia kwa lugha zao na kwa Kiswahili. Kazi ya kuyaandika masimulizi hayo haihitaji kanisa la mawe wala jahazi la Sultani. Inahitaji mwanafunzi mwenye kalamu, aliye tayari kumketia mzee na kumwuliza kwanza jina lake.